Fungate ya Roma

Afisa wa uhamiaji aliitazama pasipoti ya Genoveva, akamtazama yeye usoni, kisha akairudia pasipoti. Abiria waliotoka naye Roma walianza kuguna nyuma yake.

"Nani alikuambia unaweza kutoka nje ya Marekani?"

"Mume wangu. Yule pale."

Alinyoosha kidole kwenye foleni ya raia, lakini Anatoli alikuwa ameshapita. Genoveva aliliona koti lake la kahawia likiteremka ngazi kuelekea kwenye mizigo. Hakugeuka.

Wakamwingiza kwenye chumba kisicho na dirisha, wakamwambia asubiri.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuomba radhi. Majira ya baridi yaliyopita, Anatoli alifumaniwa akiwa na Chepkoech, muuguzi Mkenya aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee kule Bowie. Genoveva alikuwa tayari kufungasha virago. Aliyemtuliza ni mdogo wake Euphrasia, ambaye Genoveva mwenyewe alimleta kutoka Moshi, akampa chumba cha chini katika nyumba yao ya Germantown ili amsaidie kumlea binti yao, Rosemary.

"Dada, ndoa haitupwi kama ganda la ndizi," Euphrasia alimwambia. "Shemeji akikuomba msamaha, msikilize."

Anatoli akaomba msamaha, na machozi yakamtoka. Wiki chache baadaye akaja na jambo la Roma. Walifunga ndoa wakiwa hawana kitu, alisema, hata fungate hawakuila. Sasa waende, wawili tu.

Genoveva alikuwa na hofu moja. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajajibiwa, na kabla ya kuyapeleka alikuwa amekaa miaka bila kibali. Anatoli, ambaye alishapata uraia, alicheka kwa upole. "Mama Rose, wakili ameshughulikia. Ruhusa ya kusafiri imetoka."

Euphrasia ndiye aliyemkunjia nguo. "Nenda, dada. Nyumba niachie mimi."

Na Roma ilikuwa tamu. Ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Genoveva alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumrudishia mume. Anatoli alimpiga picha mbele ya kila gofu, akambebea mkoba, akamfuta aiskrimu kidevuni kama siku za uchumba. Jambo moja tu lilimtia doa moyoni. Kila jioni Anatoli alitoka peke yake kwenda kibanda cha simu kuulizia nyumbani.

"Twende wote, niongee na mwanangu."

"Pumzisha miguu. Saa hizi kule mtoto yuko shule." Akirudi alisema, "Hawajambo. Euphrasia anakusalimia."

Jioni ya mwisho Genoveva alichungulia dirishani akamwona ameegemea kioo cha kibanda, anacheka, anazungusha waya wa simu kidoleni. Mtu haulizii watoto hivyo. Jina la Chepkoech lilimjia, akalifukuza. Alikuwa ameshasamehe.

Sasa, kwenye kiti cha plastiki, jina lile lilirudi na halikufukuzika.

Baada ya saa tatu afisa aliingia, akavuta kiti. "Hakuna ruhusa iliyoombwa," alisema. "Ulipotoka bila ruhusa, maombi yako yalikufa. Na kwa sheria mpya, inaweza kupita miaka kumi kabla hujaruhusiwa kurudi. Utapanda ndege ya kurudi Roma, na kutoka huko utapelekwa kwenu."

"Mume wangu hakujua. Mwiteni."

"Tumemwita kwa kipaza sauti, ameshaondoka." Afisa alisita kidogo. "Nimempigia wakili wenu. Anasema alimweleza mumeo waziwazi kwamba usisafiri."

Genoveva hakulia. Aliikumbuka ile mikono iliyomfuta kidevu, akajipangusa kidevu kwa kiganja. Basilika, picha, machozi ya msamaha. Vyote vilikuwa njia ya kumfikisha mlangoni, kisha mlango ufungwe nyuma yake. Na mlango wenyewe alikuwa ameupita kwa miguu yake, akitabasamu.

Aliomba simu. Kwa bahati, duniani alikuwa bado na mtu wa damu yake ndani ya nyumba ile.

Euphrasia alipokea haraka. Genoveva akamweleza yote kwa sauti iliyokuwa ikikatika.

"Maskini dada yangu," Euphrasia alisema, akaanza kulia. "Ametutenda."

"Amefika hapo?"

"Shemeji? Hapana, hajafika."

"Basi amepitia kwa yule Mkenya. Nisikilize, Euphrasia. Asije akamleta yule mwanamke ndani ya nyumba yangu. Rosemary asimwite mtu mwingine mama. Sina mwingine wa kumwachia isipokuwa wewe. Niapie."

"Nakuapia, dada. Nitamlea kama wangu."

Genoveva akashusha pumzi, ya kwanza tangu aingie chumba kile. Angalau mtoto alikuwa mikononi salama.

Mara simu ya pili ya nyumba ile, ya ghorofani, ikanyanyuliwa.

"Mama?"

"Rose, mwanangu. Uko wapi?"

"Rose, weka simu chini," Euphrasia alisema upesi.

"Niko chumbani kwa Auntie," mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Chumba cha Auntie hakina simu, mwanangu."

"Siyo kile cha chini. Hiki cha juu, cha kwako. Auntie alihamia siku ileile mlipoondoka, akasema wewe hutarudi tena. Baba amelala hapa kitandani kwake. Nimwamshe?"