Wageni wa Bwawa la Jangwani

Kila kipupwe, korongo walipotua katika bwawa la jangwani, marafiki watatu walikwenda kuwatazama: Pimbi mwoga, Kobe mpole na Nungunungu asiyetulia. Safari hii walijificha kwenye matete. Mara Nungunungu akapiga chafya, miiba yake ikagongana, na korongo wote wakageuka.

“Umetuharibia!” Pimbi akalalamika. “Sasa wataruka.”

“Basi, turudi nyumbani,” Kobe akasema kwa huzuni.

“Jamani, msiondoke!” akaita Mama Korongo, akiwasukuma wanawe mbele. “Tumevuka jangwa lote ili watoto wawaone ninyi, nanyi kila mwaka mnajificha!”

Pimbi akatoka wa kwanza. Akajipangusa tope, akageuka taratibu, ili watoto wamwone vizuri pande zote.