Mate ya Warda

"Dawa hii ikikuta madini ya risasi, sumu ile, inawaka kijani," alisema dada aliyetoka Bujumbura kupima maji. Akatia maji ya ziwa na dawa kwenye kichupa, akakifunika kwa kitenge pamoja na taa yake ya buluu. Tukachungulia. Giza tupu. Wavuvi wote wa Minago wakapiga makofi.

Mimi sijui kunyamaza. Shemeji yangu Warda, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amekalia wavu, akibana kwa meno kwenye kamba zake vile vipande vya risasi vya kuuzamisha, tunavyoyeyusha kutoka kwenye batri mbovu. Kwetu wanawake wote hubana hivyo.

"Pima na mate ya huyu!" nikasema. "Tangu asubuhi iko anakula vyuma kama mashine."

"Weye, siku moja nitakubana na huo mudomo," Warda akajibu. Akasogeza kipande shavuni, akatema mate kwenye kichupa kingine, taratibu, kama malkia. Watu wakavunjika mbavu.

Dada akatia dawa. Warda mwenyewe ndiye aliyeinama kwanza chini ya kitenge.

Hakutoka upesi. Kwenye kitambaa niliona mwanga, kijani kama jani changa la mchikichi.

Alipoinuka, alitoa kile kipande shavuni, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa bado na joto la mdomo wake, na alama za meno. Mkono wake wa pili ulikuwa tumboni.

"Haya, shemeji," akasema. "Chekesha watu."