Jua la Wake Wenza

Tangu mume wao afariki, Bi Nyamizi na mke mwenzake, Bi Tausi, walilima mashamba yaliyopakana, na Bi Nyamizi hakukubali hata siku moja kutangulia kurudi nyumbani. Marehemu alizoea kumwambia, "Kwa jembe, Tausi humuwezi." Wivu wa maneno hayo ulimchoma mpaka sasa, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Siku hiyo jua lilikuwa la utosi na wakulima wengine walishaondoka. Bi Nyamizi aliona kizunguzungu, lakini kila alipochungulia ng'ambo, jembe la mwenzake lilikuwa likipanda na kushuka. Naye akaendelea.

Ghafla kukawa kimya. Bi Tausi alikuwa ameanguka. Bi Nyamizi akavuka mpaka, akamnywesha maji ya kidumu chake, mengine akammwagia kichwani.

"Dada, kwa nini huendi nyumbani?" Bi Tausi akauliza kwa sauti ndogo. "Kila siku nakungoja uondoke ndipo nami nipumzike. Marehemu alikuwa akinisimanga kwamba wewe sikuwezi."

Bi Nyamizi alihamia upande wa jua, akaitandaza kanga yake kwa mikono miwili, kivuli kikamfunika mwenzake uso.