Breki Zilizoisha Upesi

Pedi za breki zilikuwa zimelika mpaka chuma. Fundi alizishika kwenye mwanga wa dirisha, akazigeuza, kisha akazibwaga mezani kwa kishindo mpaka spana zikaruka.

"Nilizifunga juzijuzi tu hizi," alisema. "Ndiyo maana zinapiga kelele mtaa mzima. Unabana breki wapi wewe?"

"Barabarani," mumewe alijibu kutoka jikoni. "Magari mengi, mke wangu. Na baiskeli yenyewe kuukuu."

Uongo mtupu. Fundi aliishi kwa kutengeneza baiskeli za watu, na baiskeli haijui kudanganya. Kutoka nyumbani hadi ofisini kwa mumewe barabara ni tambarare kama meza. Diski ya gurudumu, ile inayobanwa na pedi, nayo ilikuwa imegeuka buluu kwa joto, na joto la namna hiyo linatokana na kuteremka mlima mrefu huku umebana breki. Mji mzima ulikuwa na mlima mmoja tu, na mumewe hakuwa na shughuli yoyote huko.

Damu ilimchemka. Mengine yakajipanga yenyewe kichwani: kuchelewa kurudi kila jioni, eti kazi zimezidi. Harufu ya sabuni isiyo ya nyumbani. Povu lililokaukia kwenye mkono wa shati. Na ile pakiti ya nyembe aliyoikuta mfukoni wakati wa kufua, mwanamume mwenye ndevu zake! Nani kamwambia anyoe? Nani huyo anayetaka kumrudisha ujanani?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa ajili ya mtu huyu alikuwa amempoteza baba yake. Mzee aliikataa posa katakata, akaapa kwamba karani huyo hatakanyaga nyumbani kwake. Binti naye akaapa kuwa basi hata yeye hatakanyaga. Miaka ikapita bila hata salamu. Mzee akauza nyumba akahama, na binti hakuuliza amehamia wapi. Yote hayo, halafu leo bwana huyu anapanda milima!

Hakumwambia kitu. Alifungua breki zote: mikono, mipira ya mafuta, na kalipa, zile zinazoshika pedi, ambazo zilikuwa zinavuja. Akafunga mpya, akasukuma mafuta kwa bomba la sindano mpaka hewa ikaisha, akikaza kila skrubu kana kwamba anakaza shingo ya mtu. Alijikata kidole, akatukana, akaendelea. Lakini hakulipua kazi. Hakuwahi kulipua kazi maishani mwake.

"Naijaribu," alisema, akaikokota nje.

"Ngoja!" Mumewe alitoka mbio, mikono imejaa povu la vyombo. "Naihitaji sasa hivi. Jioni hii nina..."

"Una nini?"

Akajifuta povu kwenye suruali. Hilo lilimtosha.

Aliupanda mlima akihema, jasho na machozi vikichanganyika usoni. Kule juu, mshona nguo aliyekuwa amekaa barazani aliitazama baiskeli kabla ya kumtazama yeye.

"Mwenyewe yuko wapi leo? Huwa hakosi. Anasubiriwa pale chini, mlango wa kijani."

Aliteremka kijiteremko mpaka mlangoni, akabana breki. Baiskeli ilisimama kimya kabisa. Akaiegemeza ukutani vibaya, ikaanguka, akaiacha hapohapo. Maneno alikuwa ameshayapanga yote, makali, ya kumvua nguo huyo mwanamke mbele ya majirani. Akaupiga mlango kwa ngumi.

"Ingia, pako wazi," sauti ya mzee ilijibu kutoka ndani, na ngumi yake ikabaki hewani. "Mbona leo unabisha kama askari? Macho yamekufa, masikio bado. Sikusikia breki zikilia, nikadhani huji, na maji ya kunyolea yameshapoa. Haya, mkwe wangu, leo niambie ukweli: binti yangu bado ana hasira na mimi?"