Kidole cha Ngaire

Kulungu dume alinguruma tena ndani ya kichaka, hatua thelathini mbele yetu. Nikamjibu kwa kunguruma kupitia kipande changu cha bomba la plastiki, ili nimvute karibu. Akarudisha kwa hasira zaidi, kama dume anayelinda majike wake.

Kila Aprili nawinda milima hii ya Ruahine, mwaka wa ishirini na sita sasa, na sikuwahi kusikia sauti nene namna ile.

Majani yakatikisika. Nikaona rangi ya kahawia na mvuke wa pumzi.

"Mpige," nikamnong'oneza binti yangu. Lilikuwa windo lake la kwanza.

Ngaire hakupiga. Kidole chake kilikuwa kimenyooka ubavuni mwa bunduki, nje ya kifyatulio, kama nilivyomfundisha jikoni nyumbani.

"Sijaona kichwa, Baba."

"Utamkosa, wewe."

"Si ulisema nione mnyama mzima au nisipige?"

Kichaka kikafunguka. Akatoka mzee mwenye koti la kahawia, bunduki begani, pembe ya ng'ombe mdomoni. Alipotuona, akaishusha ile pembe taratibu.

"Kumbe ni wewe, bwana," akasema. "Unanguruma vizuri kuliko kulungu wenyewe."

Nilitaka kucheka. Badala yake nikaliweka bomba langu chini.

Ndipo dume wa kweli akanguruma nyuma yetu, karibu sana hata kifua changu kikatetemeka. Tukageuka. Alisimama juani, pembe zake zina matawi kumi na mawili, shingo imelowa matope.

Hakuna aliyeinua bunduki. Mzee alivua kofia.

Mimi nilikuwa bado nakitazama kidole cha binti yangu.