Tumbo Si Glasi

Asubuhi kidonge kilikuwa bado kimekaa chini ya glasi, kizima, kimetulia kama kokoto. Jana yake, msichana wa kazi alikitumbukiza kwenye maji ya moto, akayakoroga mara tatu. Maji yalishapoa, na kidonge hakikupungua hata unywele. Zile herufi mbili juu yake zilisomeka vizuri tu.

Aliibeba glasi hadi mezani, Dakta alipokuwa akinywa chai.

Dakta alikuwa mwana pekee wa Bibi, na mtu mkubwa kwenye kiwanda cha dawa. Kazi yake ilikuwa fuwele, zile punje zinazoota maji ya dawa yakikauka, kama chumvi inavyobaki sufuriani. Kila mgeni aliyewahi kukaa sebuleni pale alielezwa, apende asipende, kwamba dawa inaweza kuwa ileile lakini punje zake zikajipanga upya, kama matofali yaleyale yanavyojenga nyumba nyingine. Yeye ndiye aliyegundua Umbo la Pili. Haliharibiki kwa joto, halilegei kwa unyevu, utaliweka ghalani miaka kumi ulikute vilevile. Vidonge vyake vilikuwa vyeupe, vinene kama vifungo vya koti, upande mmoja laini, na upande wa pili aliomba zichongwe herufi za kwanza za majina yake. Kwa kumbukumbu, alisema.

Bibi alikuwa na moyo mgonjwa. Wiki tatu tangu mwanawe amwanzishie Umbo la Pili, miguu ilivimba kama magogo, na kulala alilala ameketi.

Msichana alieleza alichokiona kwenye glasi. Akaeleza pia alichokikuta siku mbili mfululizo kwenye ndoo ya haja ya Bibi, nacho kilikuwa kizima, na herufi zake.

Dakta alichekea puani. "Uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi leo nikusogeze la nane. Tumbo si glasi."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Darasa la Saba. Darasa la Saba, lete viatu. Darasa la Saba, funga geti. Na vile vidonge vya njano alivyotumia Bibi hapo awali, makopo mawili yaliyobaki kabatini, aliamriwa akavitupe mara moja asije akamchanganyia mgonjwa. Alitoka na makopo, akarudi mikono mitupu.

Bibi alimkuta jikoni akifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. "Usijisumbue, binti. Yule nimemzaa mwenyewe, namjua. Haambiwi, huonyeshwa. Na shurti pawe na watu."

Mwezi haujaisha, uvimbe ukaanza kushuka. Bibi akalala chali kama wenzake. Mwezi wa pili akapanda ngazi bila kushika ukuta. Kila Jumamosi Dakta alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, viwili vitoke kila siku, na kila Jumamosi hesabu ilikaa sawa. Kisha humwita msichana atazame miguu ya mama yake. Glasi yako inasemaje leo? Msichana huinamisha macho. Siku moja Dakta aliona doa la njano kwenye kijiko cha Bibi, akamwambia msichana kwamba kumbe hata kuosha kijiko kunataka shule.

Alasiri, Bibi na msichana walicheza drafti kibarazani, kwenye ubao waliouchora juu ya kipande cha boksi. Msichana alichezea vizibo vya soda. Bibi alikuwa na kete zake nyeupe, alizozitunza ndani ya soksi kuukuu, soksi iliyonona kuliko mguu. Kete ikifika mwisho wa ubao hupinduliwa ikawa kingi, na kingi wa Bibi hana huruma. Dakta akipita aliguna tu. Mchezo wa wasio na kazi, alisema, wala hakuwahi kuinama kutazama.

Kisha hospitali mbili zikalalamika kwamba wagonjwa wa moyo wanaotumia Umbo la Pili wanazidiwa. Dakta alisema wauguzi wa siku hizi hata kumpa mtu kidonge hawajui. Akawaalika wakubwa wa kiwanda nyumbani, waje wajionee.

Walikuja watatu, wakiongozwa na mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Dakta alimtembeza Bibi hadi getini na kurudi. Bibi hakuhema.

"Mama yangu mzazi," alisema Dakta. "Miezi mitatu hajameza kingine. Mnataka ushahidi gani tena?" Akamnyooshea kidole msichana aliyekuwa ameshika trei. "Huyu hapa alitaka kutufundisha kazi. Alipima dawa yangu kwa glasi ya maji."

Wageni wawili walicheka kwa adabu. Mwenyekiti alimtazama msichana kitambo, kisha akafungua jalada. Ilibaki sahihi yake tu, na kesho yake Umbo la Pili lingeanza kupelekwa hospitali zote. Akatoa kalamu.

"Mwanangu, kabla hujaandika," Bibi alimwambia mwenyekiti, "hebu kaa hapa kwanza. Nimebakiza hatua moja nimfunge huyu binti."

Dakta alitabasamu, akawaomba wageni radhi: wazee ni kama watoto. Mwenyekiti akavuta kiti karibu na ubao. Msichana aliweka trei chini, akakaa mahali pake nyuma ya vizibo.

Bibi aliruka kizibo kimoja, akaruka cha pili, akafika mwisho wa ubao.

"Kingi," alisema, akaipindua kete.

Mwenyekiti alivaa miwani, akainama. Zile herufi mbili zilisomeka vizuri tu.