Kamba ya Mashine

Pale kivukoni, Nyamizi alivuta kamba tena. Mashine ya boti, aliyoificha chini ya magunia tangu wakubwa walipopiga marufuku boti za watu ili mto uvukwe kwa pantoni yao tu, ilikaa kimya ndani ya pipa la maji la kuijaribia. Marufuku ilikuwa imeondolewa; sasa mashine ndiyo iliyogoma.

“Mama, hiyo ifanye figa,” mkata tiketi wa pantoni alimtania toka dirishani, foleni ikiungua jua.

“Cheka, mwanangu. Hata baba yako alicheka wakubwa walipotutobolea boti.”

Alifuta plagi kwa pindo la kanga, akavuta. Mashine ikakohoa, ikatema moshi, ikazima. Viganja vilikuwa vimechubuka.

Kwenye foleni mwanamke mmoja alitua mzigo wake, akaja kuishika kamba.